Mchezo Unaojijenga

Dukani, 2 Februari

Mpwa wangu Njiti,

Salamu nyingi, na baba yako mpe zake. Mimi sijambo, isipokuwa macho. Juzi nilimpa mteja redio ya mtu mwingine. Wakaja wote wawili kunicheka, nikacheka nao nisionekane nimeumia. Daktari anasema macho yote mawili yana mtoto wa jicho na lazima nipasuliwe, na hospitali yenyewe iko mji mwingine. Naondoka katikati ya mwezi.

Sasa tuje kwenye mchezo wetu wa kompyuta, ule wa tarishi. Umekuwa ukinipigia kelele mwaka mzima kwamba nafanya kazi ya punda. Ni kweli. Ninyi mnaandika msimbo, maandishi ya kuiamrisha kompyuta, huko mliko, wewe na wale wenzetu tusiowajua hata sura, kila mmoja na jina lake la utani, na kila kitu mnakiweka kwenye ghala la wazi mtandaoni ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kuchungulia. Kisha mimi nakaa hapa dukani, nayachukua maandishi hayo na kuyajenga yawe mchezo unaofunguka kwenye kompyuta ya mtu. Na nayajenga mara tatu, kwa sababu kompyuta za mezani ni za aina tatu na kila aina ina maringo yake. Nikimaliza, nacheza mwenyewe. Nambebesha tarishi mzigo wa kwanza, napita naye vichochoroni mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Akifika salama ndipo nautoa kwa watu.

Umeshinda. Andika hayo maagizo yako ya kuifanya kompyuta ijenge yenyewe, kazi hiyo tuiachie mashine. Lakini usiiwashe mpaka nirudi. Kuna marekebisho madogo ninayoyafanya kwa mkono kabla ya kujenga, na hayo nitakuonyesha mwenyewe tukiwa tumekaa pamoja. Usiniulize ni yapi. Ni mambo ya uzee.

Na uendelee kuniandikia kwa karatasi, barua uwape watu wa basi. Najua unaniona wa kizamani. Simu yako inashikwa na mikono mingi.

Mjomba wako,
Waya


Chumbani juu, 8 Februari

Kaka Waya,

Nimepata sabuni na zile rangi za kuchorea kwenye kompyuta ulizoniwekea kwenye flashi. Ahsante. Mvua zimeanza huku na mkono wa kulia umegoma kabisa. Kifundo alichokivunja yule bwana kinajua hali ya hewa kuliko redio zako zote. Basi nachora na wa kushoto, na wenzetu wa mchezo wananiita Kushoto wakidhani ni jina la mbwembwe tu.

Nimeweka ghalani dirisha jipya, lile la nyumba ya ghorofa mtaa wa nyuma mchezoni. Safari hii nimelichora vizuri, pamoja na mtaa ninaouona nikikaa kitini: mnara wa maji wenye ngazi iliyokatika katikati, kibao cha fundi viatu chenye kiatu chekundu kisicho na kamba, na bati la duka la kopi hapa chini. Sina pengine pa kuangalia, kaka, kwa hiyo nachora ninachokiona. Pazia nimelifunga fundo pembeni, vile nilivyokuwa nikilifunga nyumbani lisimpige mtoto usoni akiwa amelala.

Hajui Kushoto ni nani, na sitaki ajue maadamu anakaa nyumba moja na baba yake. Lakini akiliona lile fundo, moyo wake utamwambia niko hai na sikumtupa. Uliniandikia kwamba toleo lililopita alilitazama dirisha langu, akalirudia tena na tena. Sentensi hiyo ndiyo inayonilaza usingizi.

Mwambie ale. Alikuwa njiti tangu azaliwe.

Dada yako,
Kushoto


Dukani, 12 Februari

Mdogo wangu,

Dirisha nimeliona. Ndiyo, na mtoto analiona, usiwe na shaka. Anakula vizuri na ana kichwa kigumu kama chako.

Ila nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kama kaka. Chora na vitu usivyoviona. Chora msitu, chora mlima, chora nyumba yenye minara kumi ambayo haipo duniani. Mumeo hajachoka kukutafuta. Wiki iliyopita alikuja kwa fundi saa jirani yangu, akajifanya ana saa mbovu, akapiga soga, kisha akauliza kama mtu aliyesahau: hivi huyu Waya barua zake huwa zinatoka upande gani? Fundi saa akajifanya hamnazo. Lakini huyo bwana anauza vipuri vya malori, na hakuna mji ambao hana mtu anayemfahamu. Alivyosema siku ile ukiwa sakafuni, kwamba ukiondoka atakupata na safari ya pili hutainuka, mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Sidhani kama alikuwa anatia chumvi.

Naenda kupasuliwa macho. Simu nitamwachia fundi saa, maana hospitali hawataki nikodolee kioo. Usinunue simu na usikae dirishani pazia likiwa wazi. Namba ya mama wa duka la kopi ninayo, likitokea neno nitapiga hapo.

Kaka yako,
Waya


Nyumbani, 23 Februari

Shikamoo Mjomba,

Pole na hospitali. Simu yako haipatikani, basi naandika kizamani kama upendavyo. Utaikuta barua chini ya mlango wa duka.

Mashine imekamilika. Mtu yeyote akiweka kitu ghalani, inaamka yenyewe, inachukua kila kilichomo, inajenga kwa aina zote tatu za kompyuta na kuuweka mchezo kwenye ukurasa wetu. Kompyuta za wachezaji nazo zinavuta toleo jipya bila kuulizwa. Haichoki, haisahau, na haina mtoto wa jicho.

Hapo kuna jambo, na usinikasirikie. Ili kuijaribu, nililinganisha mchezo ulioujenga wewe mara ya mwisho na uliojengwa na mashine. Imefanana kila kitu, isipokuwa pale ambapo ghalani kuna picha ya dirisha la Kushoto, kwako kuna ukuta mtupu. Nikarudi nyuma toleo baada ya toleo. Ukuta mtupu. Mjomba, miezi yote hii ulikuwa unabonyeza faili lisilo lenyewe. Nilicheka kidogo, kisha nikakuonea huruma. Nikajua sasa marekebisho yako ya uzee ni yapi. Na huyo Kushoto masikini anachora na wala halalamiki.

Sijamwambia mtu yeyote na sitamwambia. Picha yenyewe hata sijaifungua, nataka nikutane nayo mchezoni kama wachezaji wengine.

Baba anakusalimu. Amebadilika kweli, ungemwona usingeamini. Hapigi kelele tena. Ile pikapu yake ameiuza, sasa ana gari la kijani lenye turubai, na chenji iliyobaki akaninunulia kompyuta hii ya kujengea. Jioni anakaa nyuma yangu na chai yake, anauliza kila kitu. Nani anachora, nani anaandika, mnajuanaje. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza maswali mengi hivyo kuhusu kazi yangu.

Najua ulisema nisiwashe. Lakini nataka urudi na macho mapya ukute kazi imekwisha na kosa limefutika kimyakimya, bila mtu kukuaibisha. Hiyo ndiyo zawadi yangu kwako.

Mpwa wako,
Njiti


Nyumbani, 4 Machi

Mjomba,

Kwa fundi saa nimeambiwa jicho la pili limeingia uchafu na umezidishiwa siku hospitalini. Nakuombea. Hii nayo utaisoma ukirudi, ila siwezi kusubiri kuiandika.

Niliwasha. Mashine ikajenga, mchezo ukatoka, nami nikafanya kama ulivyonifundisha, nikambebesha tarishi mzigo wa kwanza. Nikapita mtaa wa nyuma. Nikaliona dirisha.

Pazia limefungwa fundo pembeni.

Mjomba, hakuna mtu duniani anayefunga pazia hivyo. Nilimrudisha tarishi mwanzo wa mtaa nikamleta tena dirishani, mara tatu. Miaka miwili Baba ananiambia Mama alituacha akafuata maisha yake, na mimi nimemchukia, nimemchukia hasa, mpaka picha zake nilizitia kwenye mfuko wa taka. Kumbe alikuwa ndani ya mchezo wangu mwenyewe, anachora.

Nikamwita Baba. Ningefanya nini kingine? Alikuja na taulo begani. Akaniambia nimsogeze tarishi karibu na dirisha, tena, tena kidogo. Akaweka kidole kwenye kioo pale penye mnara wa maji, akaipandisha ile ngazi kwa kidole mpaka inapokatika. Kisha akatabasamu.

"Mama yako," akasema. "Kumbe."

Akaniuliza jina analotumia. Nikamwambia Kushoto. Akatikisa kichwa, akasema bila shaka ule mkono aliouumiza alipoanguka ngazini haukupona vizuri. Alisema kwa huruma, Mjomba. Machozi yalimlenga, nimeyaona mwenyewe. Akaniomba nimchapishie picha, nikamchapishia, akaikunja akaitia mfukoni mwa shati.

Sasa najiuliza kama wewe ulijua.

Njiti


Nyumbani, 10 Machi

Mjomba,

Baba amesema nisikwambie kwanza, tukushangaze. Lakini wewe na mimi hatufichani.

Ule mnara anaufahamu. Aliwahi kupeleka vipuri karibu na pale, na fundi viatu alimshonea viatu. Nilitaka tuondoke siku ileile. Yeye akasema hapana, Mama ana hofu, akituona ghafla atakimbia tumkose moja kwa moja. Tumtangulizie neno, na neno litoke kwangu mimi mtoto, si kwake. Kweli sikutegemea Baba awe na busara kiasi hicho.

Basi chini ya dirisha nimemweka msichana mwenye skafu nyekundu. Tarishi akimsogelea, msichana anasema: "Leo ndiyo mara ya kwanza naliona fundo lako. Nakuja Jumamosi asubuhi. Kama umenisikia, funga mafundo mawili." Baba alinisaidia maneno. Zamani toleo hilo lingesubiri mpaka wewe umalize redio za watu. Mashine yangu ililitoa kabla chai haijapoa.

Na jana, Mjomba, ghalani kuliingia picha mpya. Pazia lilelile. Mafundo mawili.

Nimelia mpaka Baba akaniletea maji. Amelipeleka gari kwa fundi likaguliwe breki na amenunua turubai jipya. Kamba pia, ndefu, sijui za nini. Anasema huenda Mama ana mizigo. Tunaondoka Ijumaa. Ameniomba simu yangu aitunze njiani nisije nikamwandikia mtu kwa furaha nikaharibu.

Ukirudi utatukuta wote nyumbani.

Njiti wako


Dukani, Ijumaa 13 Machi

Njiti,

Nimefika leo asubuhi. Nimezikuta barua zako chini ya mlango na nimezisoma nimesimama, begi likiwa bado begani. Jicho moja linaona vizuri. Ningependa lisingeona.

Nimekupigia. Amepokea baba yako. Amenisalimia kwa adabu zote, shemeji habari za siku, shemeji macho yanaendeleaje. Nikamwambia nipe mtoto nizungumze naye. Akasema amelala, wako safarini, barabara ni nzuri. Kisha akasema, "Shemeji, pumzika. Umefanya kazi kubwa ya kulinda, sasa pumzika." Akakata. Nimepiga tena mpaka simu yako imezimwa.

Mama yako hakuanguka ngazini. Ngazi gani, mpwa wangu, mnakaa nyumba ya chini. Baba yako alimvunja mkono kwa mguu wa meza, nami niliingia nikamkuta amesimama juu yake akimwambia ataenda popote atakapo, na popote atakapokuwa atamfuata ammalize. Nilimtorosha mimi. Wewe ulikuwa shuleni na hapakuwa na wakati wa kukungoja, na jambo hilo linamla mama yako kila siku anayoamka. Sikukwambia kwa sababu unakaa naye, na asiyejua hawezi kubanwa aseme.

Ule ukuta mtupu niliuweka mimi kwa makusudi, kila toleo, kabla sijajenga. Mama yako alikuwa anachora mtaa wake jinsi ulivyo, ili wewe uuone. Nikashindwa kumwambia aache, maana hana kingine. Nikawa namwambia unaliona dirisha, huku nalifunika. Wanaochungulia ghalani ni wachache na hawamjui, nikasema hilo si neno. Baba yako anafungua mchezo uliokwishajengwa tu, na huo nilikuwa naupitisha mkononi mwangu. Nilidhani mkono wangu utatosha.

Hukukosea, mwanangu. Mashine imechukua kilichomo ghalani, na ndivyo ulivyoiambia. Mimi ndiye niliyekunyima neno moja la kukuzuia.

Duka la kopi nimepiga, linaita tu. Nitaendelea kupiga. Polisi wa kule wameniuliza mama yako amefanyiwa nini mpaka sasa. Nikasema bado, wakasema basi nipige likitokea. Basi langu la kwenda kwa mama yako linaondoka sasa hivi na litafika kesho jioni. Barua hii nampa utingo wa basi la kwenu, ingawa najua haupo.

Kama kwa namna yoyote itakufikia kabla: usishuke garini. Usisimame chini ya dirisha.

Mjomba wako


Chumbani juu, Jumamosi 14 Machi

Kaka Waya,

Nakuandikia kwa furaha na haraka, usishangae mwandiko. Hata huu wa kushoto umeharibika.

Mtoto ameniona. Ameniandikia ndani ya mchezo, kwa kale kajina kake, na mara moja likatoka, maana siku hizi hiyo mashine yake inafanya yenyewe. Anasema ndiyo mara ya kwanza analiona fundo. Hapo mimi na wewe tutaongea, kaka, nawe unajua tutaongea nini. Lakini si leo. Leo sina nafasi moyoni ya kumkasirikia mtu.

Nilifikiri siku nzima kabla ya kufunga lile la pili. Nilikumbuka yote uliyonionya. Kisha nikajiambia, kama ni yeye bwana angejuaje habari ya fundo? Alikuwa hajui hata pazia letu lilikuwa rangi gani. Ni mtoto wangu tu anayejua. Nikafunga.

Tangu alfajiri nimefagia mara mbili. Nimeweka maji jikoni. Nimevaa lile gauni la mikono mirefu asiuone mkono kwanza, nitamwonyesha taratibu. Mama wa duka la kopi hafungui Jumamosi, na simu yake huko chini inaita tangu asubuhi, inaacha, inaita. Mteja gani huyo mwenye haraka hivyo.

Pazia nimelifungua lote. Mara ya kwanza tangu nihamie. Mtaa ni mpana kuliko nilivyokuwa nikiuchora.

Ngoja.

Kaka, yuko pale. Amesimama karibu na kibao cha fundi viatu, na ile skafu nyekundu shingoni. Amekua. Amekuwa mrefu, bado mwembamba, anaangalia juu, ananitafuta dirisha kwa dirisha. Nimempungia kwa mkono mbaya bila kukumbuka. Ameniona. Amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Haji, amesimama tu pale, naona anaogopa. Anageuka kuangalia nyuma kama anayesubiri kuruhusiwa. Nyuma yake hakuna kitu, ni gari la kijani lenye turubai limeegeshwa chini ya mnara, mlango wa nyuma uko wazi, sijui linashusha nini kwa nani.

Basi kama yeye haji, mimi naenda. Nashuka. Hii barua nitaimalizia tukirudi juu.